Je, wajua programu ya masomo inaandika nini kuhusu mwanao?

Mtoto wa darasa la nne anafungua kishikwambi, anaingia kwenye programu aliyoelekezwa na mwalimu, na kuanza hesabu za sehemu. Swali la tatu analikosa mara mbili. La nne analikalia kwanza, kisha analipata. Anafunga, anakwenda kucheza. Programu nayo imebaki na mengi kuliko alama zake: saa aliyoingia, aina ya kifaa, sekunde alizotumia kwa kila swali, alipokwama, na mara nyingine hata mahali alipo. Daftari la mwalimu halikuwahi kuandika hayo yote, na mwaka ulipoisha lilibaki kabatini.

Habari hizi hutokaje nje? Watengenezaji wa programu hawaandiki kila kitu wenyewe. Huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na kampuni nyingine, kama seremala anavyonunua bawaba na kitasa dukani badala ya kuvifua. Kipande kimoja huhesabu watumiaji, kingine huleta matangazo, na kila kimoja kinaweza kupeleka habari kwa kampuni iliyokitengeneza. Kiungo chao ni kitambulisho cha kifaa, namba ndefu isiyo na jina la mtu. Namba hiyo ikionekana kwenye programu ya hesabu asubuhi, kwenye mchezo mchana na kwenye video usiku, anayeikusanya anajua ni mtu yuleyule, hata kama hajui anaitwa nani. Kwa muuza matangazo, hilo linatosha.

Jambo hili limeenea. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa matokeo ya uchunguzi wa programu na tovuti zaidi ya 160 za masomo, zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Asilimia 89 zilikutwa na mwenendo uliohatarisha au kukiuka haki za watoto. Nyingi zilipeleka data zao kwa kampuni za biashara ya matangazo. Wazazi hawakuwa na njia ya kukataa: ukikataa programu, mtoto hasomi.

Mfano unaoonyesha mambo haya waziwazi kuliko mingine ni wa Edmodo, jukwaa la Kimarekani lililoanzishwa mwaka 2008. Walimu walifungua madarasa humo, wakatuma kazi za nyumbani na kuzungumza na wanafunzi. Lilikuwa na huduma ya bure, na ndiyo iliyobeba matangazo. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ililishtaki kwa kukusanya majina, barua pepe, tarehe za kuzaliwa, namba za simu na vitambulisho vya vifaa vya watoto, kisha kuvitumia kuwaonyesha matangazo.

Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayotaka mzazi aridhie kabla kampuni haijachukua taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 mtandaoni. Shule inaruhusiwa kuridhia kwa niaba ya mzazi, lakini kwa ajili ya masomo tu. Edmodo ilipitia mlango huo. Iliwatwika shule na walimu mzigo wa kupata ridhaa ya wazazi, bila kuwaeleza vya kutosha ni nini kinachukuliwa, na matangazo si masomo. Hapo ndipo ninapoona kiini cha tatizo: mwalimu mwenye wanafunzi arobaini, aliyetaka tu mahali pa kuweka kazi za nyumbani, amegeuzwa mdhamini wa biashara asiyoijua.

Kuna lingine lililonisikitisha zaidi. Kufikia mwaka 2020 Edmodo ilikuwa imehifadhi taarifa za wanafunzi milioni 36, na kati yao waliokuwa wakiitumia ni kama milioni moja. Waliobaki walikwisha kuondoka, lakini hakuna aliyewafuta. Faini ilikuwa dola milioni 6, ikasimamishwa kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo wa kulipa.

Na kampuni ikifa, data huenda wapi? Mwaka 2014 kampuni ya ConnectEDU ya Boston ilifilisika, na taarifa za wanafunzi zikawa sehemu ya mali iliyotaka kuuzwa. FTC ililazimika kuiandikia mahakama ya ufilisi kupinga, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameahidiwa kwamba wangejulishwa kabla na kupewa nafasi ya kufuta taarifa zao.

Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa hiyo. Tanzania nayo ilitunga sheria yake mwaka 2022. Kwa hiyo mzazi wa huku anayo haki ya kwenda shuleni kuuliza: programu hii ni ya nani, inachukua nini, na mtoto akihama mtazifuta lini taarifa zake?

Swali hilo la mwisho ndilo zito, hata pale shule inapolipia huduma. Desemba 2024 wadukuzi waliingia PowerSchool, kampuni inayotunza kumbukumbu za shule nyingi za Marekani na Kanada. Katika shule za umma za Toronto, kumbukumbu zilizoguswa zilianzia mwaka 1985, za watu ambao leo wana watoto wao shuleni. Kampuni iliwalipa wadukuzi hao fedha walizodai, ikaonyeshwa video ya data ikifutwa. Mei 2025 shule kadhaa zikaanza kupokea vitisho vipya, kwa data ileile.