Uwiano wa gia za difu na namna ya kuupima nyumbani

Uwiano wa gia za difu, yaani kisanduku cha gia kilicho kati ya magurudumu ya nyuma, ni idadi ya mizunguko ambayo propela shafti, mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma, huzunguka ili magurudumu ya nyuma yazunguke mara moja. Ndani ya difu mna gia ndogo, pinioni, inayozungushwa na shafti hiyo, nayo huisukuma gia kubwa, krauni, inayopeleka mwendo kwenye ekseli. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni: krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 11 hutoa 3.73. Namba hizi mara chache huwa kamili, na si bahati mbaya, kwani meno yale yale yakikutana kila mzunguko yangelika upesi kuliko mengine.

Namba ikiwa kubwa, gari huvuta mzigo kwa urahisi zaidi, lakini injini huzunguka kwa kasi zaidi kwa mwendo ule ule. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika gari likiwa na uwiano wa 3.08 ingezunguka takriban mara 2,660 kama difu ingekuwa ya 4.10.

Ili kuupima uwiano huo bila kufungua difu, egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu yote mawili ya mbele kwa kabari, mbele na nyuma, kisha inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uegemeze ekseli juu ya stendi imara. Usiliache gari likishikiliwa na jeki peke yake. Ni lazima gia iwe nyutro na breki ya mkono ilegezwe, la sivyo shafti haitazunguka. Kwa hiyo kabari ndizo pekee zinazolizuia gari lisitembee, na sioni sababu yoyote ya kuzifanyia haraka. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye shafti, uzungushe gurudumu kwa mkono, na msaidizi ahesabu mizunguko ya shafti akiwa kando, bila kulala chini ya gari.

Hapa ndipo wengi hukosea. Gurudumu moja likiwa limetulia chini, difu ya kawaida hulipatia lile lililoinuliwa mwendo maradufu, hivyo mizunguko miwili ya gurudumu ni sawa na mzunguko mmoja wa krauni. Anayezungusha mara moja tu na kuandika alichohesabu hupata nusu ya uwiano. Mimi hushauri mizunguko 20, kisha kugawanya hesabu ya shafti kwa 10: 3.55 itatoa mizunguko 35 na nusu, na 3.73 itatoa 37 na ziada kidogo, tofauti ambayo mizunguko miwili pekee haiwezi kuionyesha vizuri.

Magari mengine huwa na msimbo wa difu kwenye kibandiko cha fremu ya mlango, lakini kibandiko hicho hueleza difu iliyotoka kiwandani, wala si ile iliyofungwa baadaye.