Seli nyeupe zinajuaje kidonda kiko wapi?

Chukulia umeshuka pwani ya Mikindani maji yamekupwa, unasaka pweza, ukakanyaga chaza unyayo ukachanika. Kesho yake mguu mwekundu, wa moto, umevimba na unapwita usiku kucha. Watu wanasema uchafu umeingia, sawa, ila ule uvimbe wenyewe ni kazi ya mwili wako.

Seli nyeupe, askari wa mwili wanaopambana na vijidudu, ziko kwenye damu muda wote, mtu mzima ana kama 4,000 mpaka 11,000 kwenye kila mikrolita ya damu (lita moja ina mikrolita milioni), lakini zinapita tu na damu, hazijui kama kuna kidonda. Wanaoanza ni walinzi wanaokaa kwenye nyama yenyewe, makrofaji na seli masti, wakigusa bakteria au mabaki ya seli zilizopasuka wanaamka na kumwaga kemikali. Histamini inatanua mishipa midogo na kuifanya ivujishe maji, ndo ule wekundu na uvimbe, alafu kemikali nyingine za kupeana taarifa, sitokini, zinaubadilisha ukuta wa mshipa uwe unanata.

Hapo ndo penye utamu. Ukuta unatoa vishikizo vinaitwa selektini, vinaidaka seli nyeupe inayopita ila sio kwa nguvu, kwahiyo haisimami papo hapo, inabingirika kwanza, kama mtu anayeruka kwenye daladala halijasimama lazima akimbie hatua mbili tatu. Ikibingirika inakutana na kemokini, kemikali za kuita seli, zilizoganda ukutani, hizo ndo zinaiamsha, integrini, yaani vishikizo vyake yenyewe, zinakaza na seli inasimama kabisa. Inajilaza bapa, inajipenyeza katikati ya seli za ukuta, inatoka nje na kufuata harufu ya kemikali mpaka kwenye kidonda.

Wa kwanza kufika ni nyutrofili, aina moja ya seli nyeupe, ndani ya masaa tu, wanameza bakteria na kufa hapohapo kwa wingi, usaha unaoukamua mwingi ni maiti zao. Monosaiti, aina nyingine, wanafuata baadae, siku ya kwanza au ya pili, wanageuka makrofaji na kusafisha. Mtoki unaokutoka kinenani nao ni tezi inayochuja maji ya mguu huo, imejaa seli zinazojipanga.

Kuna watoto wachache wanazaliwa na hitilafu kwenye hizo integrini. Ukiwapima damu seli nyeupe ni kibao, zimezidi kabisa, ila kitovu kinachelewa kukatika na vidonda vyao havitungi usaha, sababu hamna seli inayoweza kusimama na kutoka.