Beta-bloka hufanya nini moyo ukipungukiwa damu

Mtu akiandikiwa beta-bloka kama atenolol au bisoprolol kwa sababu kifua humbana kila akipanda ngazi, mara nyingi hudhani dawa inakwenda kuzibua mshipa unaolisha moyo. Haizibui. Mshipa uliosinyaa unabaki ulivyo. Kinachopungua ni mahitaji ya moyo wenyewe.

Hata ukiwa umeketi tu, misuli ya moyo hunyonya asilimia 70 hivi au zaidi ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayoilisha. Misuli ya mguu ikipumzika huchukua kidogo, hivyo kazi ikizidi ina pa kuongezea. Moyo hauna. Ukitaka oksijeni zaidi ni lazima damu zaidi ipite, na njia ikiwa nyembamba, maumivu huanza hapo.

Mtafiti wa dawa Mskoti James Black, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, aliligeuza swali hili. Badala ya kuuliza oksijeni iongezwe vipi, aliuliza moyo utawezaje kutosheka na kidogo. Jibu lake la miaka ya 1960 lilikuwa beta-bloka iitwayo propranolol. Beta-bloka hukalia vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe, ambavyo adrenalini, homoni inayouchochea moyo, ingevikalia, basi adrenalini ikifika inakuta kiti kina mtu. Moyo hupiga polepole na kwa nguvu pungufu, na presha hushuka. Tena, upande wa kushoto wa moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake unapolegea, kwa sababu unapojikaza huibana mishipa yake yenyewe. Mapigo yakipungua, muda wa kulegea hurefuka.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana: kuni zenyewe, yaani chakula ambacho moyo hukichoma kupata nishati. Moyo huchoma zaidi asidi za mafuta, kisha glukosi, yaani sukari ya damu. Mafuta yana nishati nyingi, lakini kwa kiasi kile kile cha oksijeni, glukosi ndiyo hutoa nishati zaidi, kwa takriban sehemu moja ya kumi. Damu ikiwa tele, tofauti hiyo si kitu. Lakini mtu akipata shambulio la moyo, hofu na maumivu humwaga adrenalini, nayo huamuru akiba ya mafuta mwilini iachie asidi zake kwenye damu. Moyo unaletewa kuni zinazokula oksijeni nyingi, saa ile ile oksijeni imeadimika! Beta-bloka hupunguza uachiaji huo, na moyo huelekea kwenye glukosi.

Oksijeni ikikosekana kabisa, seli huvunja glukosi bila hiyo, zikapata nishati haba na kujaza asidi ya laktiki. Moyo wenye afya hula laktiki kama chakula. Wenye njaa ya damu huitoa. Dawa hizi huchelewesha moyo kufikia hapo. Kwa maoni yangu kubadili kuni ni faida ya ziada. Kazi kubwa inafanywa na kupunguza mapigo.

Mwenye pumu amwambie daktari mapema, maana baadhi ya dawa hizi hubana njia za hewa. Na asiziache ghafla mtu yeyote: mwili uliozizoea huongeza vipokezi, na siku kidonge kikikosekana, adrenalini inakuta viti vingi kuliko zamani, vyote vitupu.