Vipele vya ndevu, ndimu na vikopo visivyo na jina: maswali ya wanaume kuhusu vipodozi vya asili

Vipele vinavyotoka kidevuni na shingoni baada ya kunyoa ni nini?

Ni unywele uliojipinda ukarudi ndani ya ngozi. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini kabisa kwa wembe hubaki na ncha kali, na zikianza kuota huichoma ngozi. Ngozi inavimba kama iliyoingiwa na mwiba. Si damu chafu, wala si uchafu, kwa hivyo kusugua kunazidisha tu.

Nikimaliza kunyoa nipake ndimu? Si inaua vijidudu?

Usipake. Ngozi iliyotoka kunyolewa ina michaniko midogo usiyoiona, na ndimu ni asidi kali. Ule mwasho unaoambiwa "dawa inaingia" ni ngozi inayoungua.

Lililo baya zaidi ni jua. Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali ambayo ikipigwa na jua huibabua ngozi, na huoni kitu siku ile ile. Mtu ananyoa Ijumaa asubuhi, anajipaka ndimu, anatia attari shingoni, anakwenda msikitini na jua la saa sita. Jumamosi au Jumapili shingo imewiva, pengine na malengelenge. Ikipoa linabaki baka jeusi la wiki nyingi, hata miezi. Baka hilo ndilo linalompeleka kutafuta krimu ya kung'arisha, na hapo anaingia kwenye shida kubwa kuliko vipele alivyoanza navyo. (Attari nayo itie kwenye kanzu, si kwenye shingo iliyonyolewa.)

Na ndimu iliyochanganywa na asali au manjano?

Ni ndimu ile ile. Usipake.

Lakini ni kitu cha asili, hakina kemikali.

Upupu nao ni wa asili. Mafuta ya ganda la korosho ni ya asili, na kila aliyewahi kuchoma korosho anajua yanavyobabua. Neno "asili" kwenye kikopo linakwambia kitu kimetoka wapi. Halikwambii kama ngozi yako itakistahamili.

Mafuta ya karafuu je?

Yale safi ya Pemba ni makali mno kupakwa peke yake. Tone moja kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi linatosha, kwa miguu au mgongo. Usoni usiyatie, na kwenye ngozi iliyonyolewa ndiyo kabisa.

Basi kipi kinafaa?

Vichache, na rahisi. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mikono, miguu na viwiko. Paka mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado mbichimbichi. Anayetoka baharini ajisuuze chumvi kwanza kwa maji baridi ya bomba. Mwenye chunusi asiyapake usoni, yanaziba vitundu. Yakinuka uvundo, mwaga.

Mshubiri (aloe vera) unafaa baada ya kunyoa, ila wengi wanaukosea. Ukikata jani, lisimamishe ndani ya glasi dakika 10 hadi 15 mpaka yale maji ya manjano yachuruzike, maana hayo ndiyo yanayowasha. Lioshe, limenye, upake ule ute mweupe tu.

Sabuni ya mwani ni sabuni kama nyengine: imetengenezwa kwa kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni). Muulize muuzaji imekaa muda gani tangu kukatwa. Ile inayotengenezwa bila ya moto huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kutumika. Uso mkavu, mara moja kwa siku inatosha.

Kuna krimu ya mitishamba inauzwa kwenye kikopo kisicho na maandishi. Rafiki yangu alipona kwa siku tatu.

Hizo siku tatu ndizo zinazotutia wasiwasi sisi wa kituo cha afya. Majani hayafanyi kazi kwa kasi hiyo, steroidi (dawa kali ya kushusha uvimbe) inafanya. Krimu za namna hii huweza kuchanganywa na steroidi kali au zebaki. Steroidi huficha uvimbe na mwasho huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba, na kama ulikuwa na fangasi, inaulisha fangasi. Zebaki inafika kwenye figo. Kikopo kisicho na orodha ya vilivyomo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho, usinunue. Ukiona kwenye lebo clobetasol au betamethasone (ndizo steroidi), hydroquinone (ya kung'arisha ngozi) au mercury (ndiyo zebaki), usinunue hata muuzaji akiapa.

Nitajaribuje kipodozi kipya?

Paka kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7. Pakiwasha au pakiwiva, acha.

Ninyoe vipi?

Vipele vikiwa vingi, acha kunyoa wiki 3 hadi 4. Bora upunguze kwa mashine na kubakisha milimita moja. Ukirudi kwenye wembe, rowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika 5, tia povu, fuata nywele zinakoelekea, usivute ngozi, usirudie pale pale. Wembe uwe wako peke yako. Kwa kinyozi, mashine ifutwe spiriti mbele yako.

Lini niende kituo cha afya?

Mapema kuliko mnavyokuja. Usaha, homa, uvimbe wa jicho au mdomo: siku hiyo hiyo. Vipele vya kisogoni vinavyoanza kuwa vigumu: wiki hiyo, kwa sababu vikishageuka kovu nene, hakuna krimu wala jani litakalovirudisha. Baka lenye duara linalotanuka: kabla hujapaka chochote. Mnakuja baada ya miezi sita ya ndimu na vikopo, ngozi haisomeki tena.

Asubuhi ya kuja usijipake kitu, na kile kikopo ulichokuwa ukitumia kichukue, hata kama kimekwisha.