Msonge wa Kichagga: nyumba, zizi na ghala chini ya paa moja

Nyumba ya asili ya Wachagga pande za Marangu, Kilema na Rombo, mlimani Kilimanjaro, ilikuwa msonge: fito ndefu zilizochomekwa ardhini kwa duara, zikafungwa pamoja juu, kisha zikaezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Wageni wanaoiona Marangu, ilikojengwa kwa maonyesho, huuliza watu walilala wapi. Mkulima angeuliza kwanza ng'ombe walikaa wapi.

Walikaa humo humo. Upande mmoja wa msonge palikuwa na zizi la ng'ombe na mbuzi lililotengwa kwa nguzo na fito, upande mwingine kitanda, na kati yao mafiga. Juu ya moto kulikuwa na dari ya miti iliyohifadhi ulezi, mahindi, mbegu, kuni na ndizi za kuivisha. Nyumba haikuwa na dirisha, kwa hiyo moshi ulipenya polepole kwenye nyasi. Ukakausha nafaka, ukafukuza wadudu, na masizi yakafanya paa lidumu. Mlimani mvua ni nyingi na miezi ya Juni na Julai ni ya baridi, hivyo nafaka isiyopata joto huota ukungu upesi. Moshi huo huo uliumiza macho na mapafu ya akina mama waliopika humo, na hilo nisingependa lirudi.

Ng'ombe hawakufungiwa ndani kwa sababu ya baridi tu. Zamani za uvamizi mifugo ilikuwa ya kwanza kuporwa, ndiyo maana watu walichimba hata mapango ya kujificha pamoja nayo. Sababu kubwa zaidi ni kihamba chenyewe, yaani shamba la familia linaloizunguka nyumba. Kihamba ni kidogo, mara nyingi hakifiki ekari mbili, na kimejaa migomba, kahawa, magimbi na miti ya kivuli. Hapana pa kuchungia. Basi chakula kikamfuata ng'ombe: majani yaliyokatwa tambarare yakapandishwa kichwani, zaidi na wanawake, na wakati wa kiangazi mashina ya migomba yakakatwakatwa, maana yana maji mengi.

Kilichotoka zizini kilirudi kwenye migomba. Thamani ya samadi inaonekana katika desturi ya kuwekeana ng'ombe: mwenye mifugo mingi alimpa mwenzake ng'ombe wa kutunza, ndama wakabaki mali ya mwenyewe, naye mtunzaji akapata maziwa na samadi. Mtu alikubali kubeba majani mwaka mzima kwa ajili ya ng'ombe asiye wake, kwa kuwa kihamba chake kilihitaji mbolea.

Hapa ndipo ninapowaomba wafugaji wa leo waangalie mabanda yao. Mgomba unapenda sana potasiamu, na sehemu kubwa ya potasiamu anayoitoa ng'ombe imo kwenye mkojo, pamoja na naitrojeni nyingi. Ndani ya msonge mkojo ulinyonywa na matandiko ya majani makavu, nayo yakapelekwa shambani pamoja na kinyesi. Kwenye mabanda mengi tunayoyaona, sakafu ni ya saruji, mkojo unatiririka mtaroni, na samadi imerundikwa nje ikioshwa na masika. Mfugaji anabaki na lundo kubwa lenye virutubisho vichache, kisha anakwenda dukani kununua mbolea.

Marekebisho yake hayana gharama kubwa. Mtandikie ng'ombe majani makavu ya migomba au mabua, na ubadilishe yakilowa. Sakafu iinamie upande mmoja, mkojo uingie kwenye shimo dogo lililofunikwa. Ukiuchanganya na maji, unaweza kuumwagia shinani mwa migomba. Lundo la samadi liwekewe paa, hata la makuti au bati kuukuu, na liguswe na mvua kidogo iwezekanavyo.

FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, kijiji cha Kilimanjaro, mwaka 2011 kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia, na ng'ombe wa zizini ni sehemu ya mfumo huo.

Jambo moja zaidi kabla hujachimba: shimo la samadi likae mbali na mfereji wa maji unaopita vihambani, na lisiwe upande wa juu yake. Maji hayo hayo yanachotwa na majirani walio chini yako.