Hatari si janga

Wengi huamini kwamba hatari, janga, maafa na balaa ni neno moja lenye sura nne, na kwamba unaweza kuchomoa lolote. Sivyo.

Hatari ni jambo ambalo bado halijatokea. Ndiyo maana kibao cha transfoma huandikwa HATARI: nyaya hazijamuua mtu, ila zinaweza. Meli iliyojaza abiria kupita kiasi iko hatarini. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 1996 na mamia wakafa, hayo yalikuwa maafa. Kuandika "hatari ya MV Bukoba" ni kuwapunja waliofiwa.

Janga nalo ni pigo linalowakumba wengi, kama njaa au korona. Balaa lina harufu ya mkosi, hata la mtu mmoja: "balaa gani hili!" Tishio, kutoka kutisha, humtazama zaidi anayetisha: simba ni tishio kwa mifugo.

Vijana wakisema "huyu mchezaji ni hatari", wanasifu, na sioni kosa. Ila mwandishi wa habari anayeandika "janga lanukia" wakati mto haujafurika angeandika tu "hatari ya mafuriko".