Kikundi Kinapokwenda Kuzamia Mafia: Anzeni na Saa ya Ndege ya Kurudi

Marafiki au wafanyakazi wenza wanapopanga likizo ya kuzamia Mafia, kwa kawaida huanza kuulizana tiketi ya kwenda na chumba cha kulala. Sisi tunashauri waanze na ndege ya kurudi. Ndiyo inayoamua ni siku ngapi kikundi kitaingia majini, na siku ya mwisho ya kuzamia kwa mtungi wa hewa itakuwa ipi. Vikundi vingi huliona hilo wakiwa tayari kisiwani, wamelipia mbizi za kila siku hadi asubuhi ya safari, na hapo ndipo mtu huanza kushawishiana na mwenzake kwamba "mara moja tu haina neno."

Ina neno, na sababu yake inaeleweka kirahisi. Juu ya maji mwili hubeba presha ya bar 1. Kila mita 10 za kushuka huongeza bar nyingine 1, kwa hiyo kwenye mita 20 mwili hubeba bar 3. Regulata, kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa kutoka kwenye mtungi, hukupa hewa kwa presha ileile ya kina ulichopo. Isingekuwa hivyo kifua kisingeweza kutanuka. Sehemu kubwa ya hewa hiyo, takriban asilimia 78, ni naitrojeni ambayo mwili hauna kazi nayo. Kwa presha kubwa huyeyuka ndani ya damu, misuli, mafuta na viungo. Mzamiaji akipanda polepole, hutoka taratibu kupitia mapafu, na huendelea kutoka kwa saa nyingi baada ya kufika juu. Presha ikishuka ghafla kabla naitrojeni haijaisha kutoka, naitrojeni hiyo hugeuka mapovu ndani ya mwili. Huo ndio ugonjwa wa wazamiaji: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na wakati mwingine kupooza.

Kupanda ndege ni kuishusha presha hiyo mara ya pili. Wapo wanaodhani safari ya Mafia hadi Dar es Salaam haihesabiwi kwa kuwa ni ya nusu saa hivi na ndege yenyewe ni ndogo. Udogo wake ndio tatizo. Ndege kubwa za abiria hutunza presha ndani. Ndege nyingi ndogo zinazokwenda visiwani hazina mfumo huo, hivyo ikipaa mita 2,000, na wewe mwili wako uko mita 2,000.

Kanuni inayotumika ni hii: aliyepiga mbizi moja tu asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka, aliyepiga zaidi ya moja, au aliyezamia siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Kwa kikundi tunashauri saa 24, kwani ndani ya watu wanane hapakosekani mmoja aliyekwenda chini kidogo kuliko wenzake au aliyekunywa maji kidogo. Kama ndege inaondoka Jumapili saa 4 asubuhi, mbizi ya mwisho iwe imekwisha Jumamosi saa 4 asubuhi. Iliyo salama zaidi ni kuiacha Jumamosi yote bila mtungi.

Siku hiyo haipotei. Kuna magofu ya Kua kisiwani Juani, na kati ya Oktoba na Machi kuna papa potwe upande wa Kilindoni. Potwe huogelewa nao kwa maski na mapezi, juu juu, bila mtungi, kwa hiyo safari hiyo hukaa vizuri mwishoni mwa ratiba. Sharti ni moja: msizame na kuibuka mara kwa mara kumfuata chini, maana naitrojeni ya jana bado imo. Kaeni mita 3 hadi 4 kutoka kwake, mbali zaidi na mkia, wala msimguse.

Wanaorudi kwa kivuko cha Kilindoni hadi Nyamisati, kisha barabara ya Kibiti na Mkuranga, wako usawa wa bahari karibu njia nzima. Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini anayeunganisha basi usiku huohuo kwenda Iringa, Arusha au Nairobi anapanda mlima kwa magurudumu, na mwili hautofautishi gari na ndege. Wageni wanaotaka Kilimanjaro na bahari katika likizo moja waanze mlima, wamalizie baharini.

Baada ya saa ya ndege inafuata saa ya maji. Ghuba ya Chole, ambako mbizi nyingi za Mafia hufanyika, hujazwa na kukaushwa na bahari kupitia mlango wa Kinasi. Wakati wa bamvu, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3, na maji yote hayo hupita mlangoni kwa saa sita. Mbizi za Kinasi hupigwa maji yakijaa. Maji yanayoingia ni ya bahari kuu, maangavu, na mkondo wake hukusukuma ndani ya ghuba. Maji yakipwa hutoka na tope la ghuba na humpeleka mzamiaji nje, kwenye bahari wazi. Kwa sababu saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hakuna ratiba ya "kila siku saa 3 asubuhi" inayoweza kufanya kazi wiki nzima. Mkiletewa ratiba ya namna hiyo, ulizeni. Wenye wageni wengi wapya wachague wiki ya maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo, mkondo unapokuwa mpole.

Msimu nao una sauti yake. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo huchafua bahari ya nje na kikundi hubaki ndani ya ghuba. Maji hufika nyuzi 25 au 26, na anayezamia mara mbili kwa siku atahitaji suti ya milimita 5. Kaskazi huleta maji ya nyuzi 28 hadi 30 na hufungua miamba ya nje kama ukuta wa Dindini. Masika, Aprili na Mei, hatushauri.

Sasa suala linalozua ubishi kwenye kila kikundi: nani azamie na nani. Watu waliosafiri pamoja hutaka kuzamia pamoja, na kiongozi asiye mkali huwakubalia. Hapo wenye mbizi mia moja na mwenye mbizi nne hushuka wote mita 25. Mpya anajitahidi asiwacheleweshe, anapumua kwa pupa, na hewa yake inakwisha kwanza akiwa mahali ambapo cheti chake hakimruhusu kuwa. Cheti cha kwanza hukomea mita 18, cha pili mita 30, na uzamiaji wa burudani wote hauvuki mita 40. Gaweni timu za watu wanne, kila timu na mwongozaji wake, kwa kuangalia uzoefu na matumizi ya hewa. Urafiki utasubiri chakula cha mchana. Mke na mume nao wanaweza kutenganishwa, na mara nyingi kila mmoja hufurahia zaidi.

Matumizi ya hewa yanahesabika, na kila mzamiaji ajue yake. Mtungi wa kawaida wa alumini una ujazo wa lita 11 hivi. Ukijazwa bar 200 una takriban lita 2,200 za hewa. Bar 50 ni za akiba na haziguswi, kwa hiyo zinabaki kama lita 1,650. Mtu mtulivu huvuta lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20 huvuta mara tatu, lita 60, na mtungi humpa dakika 27. Mwenye wasiwasi anayevuta lita 30 juu atatumia lita 90 huko chini. Ana dakika 18 tu. Timu nzima hugeuka pale mmoja wao anapofika bar 100, na huanza kupanda mmoja akifika bar 70. Mwenye hewa nyingi anapanda pamoja nao.

Mbizi ya kwanza ya likizo iwe ya kujikagua, kwenye mchanga wa mita 8 hadi 12 ndani ya ghuba, hata kwa wenye vyeti vikubwa. Aliyekaa mwaka mzima bila kuzamia arudie zoezi la kutoa maji kwenye maski na kuchomeka tena regulata mdomoni. Hapo ndipo pia risasi za mkandani, yaani vipande vizito vinavyomsaidia mzamiaji kuzama, hupimwa. Toa hewa yote kwenye fulana ya kuelea, pumua kawaida, tulia bila kupiga mapezi: maji yafike usawa wa macho. Mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu lita 1,650 za hewa zina uzito wa kilo 2 na mwisho wa mbizi zitakuwa zimetoka. Risasi zikizidi, mzamiaji hujaza hewa kwenye fulana ili asizame, na hewa hiyo hutanuka anapopanda na kumrusha juu kama boya.

Kabla ya kuruka majini kila mtu akague mwenzake: fulana inajaa na kutoa hewa, mkanda wa risasi unafunguka kwa mkono mmoja, vifungo vimebana, hewa imefunguliwa. Kwa hewa, vuta pumzi tatu kwenye regulata huku ukiitazama geji, saa inayoonyesha presha ya mtungi. Sindano ikicheza na kushuka kila unapovuta, koki ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha; juu ya boti hewa itatosha, kwenye mita 20 haitatosha. Nusa pia. Hewa yenye harufu ya mafuta au moshi ina maana kompresa, mashine inayojaza mitungi, inavuta moshi wa injini yenyewe au ya gari lililo jirani, na gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, hivyo harufu ya moshi ndiyo onyo pekee utakalopata. Mtungi huo usitumiwe na yeyote.

Masikio huumiza zaidi karibu na juu kuliko chini kabisa, na wapya hushangaa. Kutoka juu hadi mita 10 presha huwa mara mbili; kutoka mita 10 hadi 20 huongezeka nusu tu. Kwa hiyo bana pua na upulize taratibu kila nusu mita, kabla ya maumivu. Yakianza, panda mita moja, jaribu tena. Kupuliza kwa nguvu huweza kupasua ngoma ya sikio. Shukeni mkifuata kamba, miguu chini, na timu imsubiri mwenye masikio mazito. Mwenye mafua asizamie, hata akimeza dawa ya kuzibua pua: dawa ikiisha nguvu akiwa chini, hewa hunaswa ndani ya sikio au kichwani wakati wa kupanda, na hapo hana pa kukimbilia.

Hili la afya lisemwe waziwazi nyumbani, wiki kadhaa kabla. Pumu, moyo, kifafa, kisukari, upasuaji wa kifua, ujauzito: fomu itauliza, na jibu la ndiyo linahitaji daktari. Ndani ya kikundi watu hujaza "hapana" ili wasiharibu safari ya wenzao. Mratibu awaombe fomu mapema, kila mtu kwa siri yake. Wanaotoka pasipo na malaria waepuke kinga ya meflokwini, kwani huweza kuleta kizunguzungu kinachofanana na ugonjwa wa wazamiaji. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi uzamiaji; isomeni.

Kupanda: usizuie pumzi kamwe, kwani mapafu yaliyojaa huweza kuchanika hata ukipanda mita moja au mbili. Mwendo usizidi mita 9 kwa dakika, kisha dakika 3 kwenye mita 5. Mwongozaji apeleke boya la ishara juu kabla ya timu, boti ione. Ukimpoteza mwenzako, tafuta kwa dakika moja, panda, mkutane juu.

Kwenye boti, kuhesabu vichwa hakutoshi. Mwaka 1998 wanandoa wa Kimarekani waliachwa majini kwenye Great Barrier Reef, Australia, na hakuna aliyegundua hadi siku mbili zilipopita. Majina yaitwe moja moja, kila mtu aitikie mwenyewe, na karatasi ionyeshe saa ya kuingia, saa ya kutoka na bar zilizobaki. Injini isiwashwe kabla ya jina la mwisho.

Kabla ya kulipa, ombeni kuona mtungi wa oksijeni wa boti, na mtu aufungue mbele yenu. Mafia hakuna chemba ya presha, yaani chumba cha kumtibu mwenye ugonjwa wa wazamiaji. Mgonjwa hupitia hospitali ya wilaya Kilindoni na husafirishwa nje ya kisiwa, kwa hiyo ulizeni chemba wanayoitegemea iko wapi na kama inafanya kazi wiki hiyo. Mtu akitoka majini na ganzi, maumivu ya kiungo, uchovu usio wa kawaida au madoa ya ngozi, mlazeni chali, mpeni oksijeni safi mfululizo hata akisema amepata nafuu, na maji ya kunywa ikiwa ana fahamu na anaweza kukojoa. Asirudishwe chini ya maji "kujitibu". Akisafirishwa kwa ndege, irushwe chini iwezekanavyo, isizidi mita 300. Aliyezamia naye achunguzwe pia, maana alikuwa kina kilekile. Kompyuta yake ya kuzamia iende naye, isitumiwe na mtu mwingine, ili daktari asome kina, dakika na mwendo aliopanda nao.